Shimo Lisilokaa Tuli: Kutoka Chumvi ya Northwich Hadi Umeme wa Upepo

Tulipoongea kuhusu bili za umeme kwenye kipindi, swali lililorudi mara nyingi ni hili: upepo ukivuma usiku kucha na watu wamelala, umeme wote ule unaenda wapi? Betri mnazijua. Kuna jibu jingine ambalo halionekani barabarani, kwa sababu liko chini ya ardhi, ndani ya chumvi. Na ukitaka kulielewa huanzi na upepo. Unaanza na mji mmoja wa Cheshire ambao nyumba zake zilikuwa zinazama. Mnaosoma kutoka Manchester au Liverpool, si mbali hata kidogo. Ni safari ya Jumamosi asubuhi.

Zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, eneo hilo lilikuwa bonde lenye joto kali. Maji ya bahari yakiingia, yanakauka, yanaingia tena. Kila yalipokauka yaliacha chumvi, mpaka yakapatikana matabaka yenye unene wa makumi ya mita, kisha udongo ukayafunika. Maji ya ardhini yakipita juu ya chumvi hiyo yanaiyeyusha, yanatokeza kama chemchemi. Warumi waliyachemsha Middlewich, mahali walipopaita Salinae. Huko Uvinza, Kigoma, wataalamu wa mambo ya kale wamekuta ushahidi wa watu kuchemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, jambo lile lile kabisa: maji, moto, chungu, subira. (Wenye bibi wa Kigali au Bujumbura, ile mnayoiita umunyu, Kiswahili cha zamani nacho kinaiita munyu.)

Mwaka 1670, watu waliokuwa wanatafuta makaa ya mawe huko Marbury, karibu na Northwich, walikuta mwamba wa chumvi badala ya makaa. Hapo mambo yakabadilika. Badala ya kungoja chemchemi, wakaanza kushuka na kuchimba. Walichonga kumbi kubwa chini kwa chini, wakiacha nguzo za chumvi kushikilia dari. Katika miaka ya 1780 wakafikia tabaka la pili lililo chini zaidi, wakachimba na huko.

Mimi kazi yangu ni kuhesabu mizigo ya majengo, kwa hiyo nikisoma habari za migodi ile nywele zinasimama. Nguzo ziliachwa nyembamba kwa sababu kila tani iliyobaki kwenye nguzo ni tani ambayo haikuuzwa. Mbaya zaidi yalikuwa maji. Mgodi ukijaa maji, mwenyewe hakulia, aliweka pampu! Maji yale yalikuwa yameshakuwa chumvi tayari, kwa nini uajiri watu wa sururu? Lakini ukivuta maji yaliyoshiba chumvi, maji mapya yasiyo na chumvi yanaingia kuchukua nafasi yake, na maji mapya yana njaa. Yanakula nguzo. Yaani walikuwa wanauza nguzo za nyumba wakiwa bado wamelala ndani.

Tarehe 6 Desemba 1880 ardhi ikakata tamaa. Karibu na Northwich sehemu kubwa ilititia, kijito cha Wincham kikamwagika ndani ya migodi ya zamani, na hewa iliyobanwa huko chini ikatafuta njia ya kutokea, ikirusha matope na maji juu. Hiyo ndiyo siku kubwa, lakini mji ulikuwa ukizama kidogo kidogo kabla yake na baada yake. Maduka yaliinama. Mlango wa mbele ukawa dirisha la chini. Watu wa Northwich wakaja na ujanja ambao hata leo unanifurahisha: wakajenga kwa fremu za mbao, ili jengo likizama liinuliwe kwa jeki na lisawazishwe. Mwaka 1899 walipojenga madaraja mawili ya kuzunguka juu ya mto Weaver, uzito mwingi waliubebesha maboya yanayoelea majini, kwa sababu hakuna aliyetaka kuiamini ardhi.

Nani alipe? Hapa ndipo palikuwa na ugomvi wa kweli. Pampu ya tajiri mmoja inavuta hapa, nyumba ya fundi viatu inaanguka kilomita kadhaa kutoka hapo, na maji ya chini ya ardhi hayana jina la mtu. Ukienda mahakamani utathibitisha vipi kwamba ni pampu ile na si nyingine? Mwaka 1891 Bunge lilipitisha sheria iliyoruhusu wavutaji wote wa maji ya chumvi katika wilaya watozwe kwa kila galoni elfu, fedha ikusanywe, wenye nyumba walipwe fidia. Hukuhitaji kumtaja mkosaji. Mfumo huo haukufa: mpaka leo ukinunua nyumba sehemu hizo za Cheshire, wakili wako ataomba ripoti ya chumvi pamoja na ripoti ya mafuriko.

Karne ya 20 ilileta njia nyingine, na ndiyo mama wa mapango ya leo. Badala ya kuacha maji yajiendee yanakotaka, unatoboa kisima kimoja mpaka ndani kabisa ya chumvi, unaweka bomba la chuma na kulifunga kwa saruji kwenye mwamba, kisha ndani yake unashusha mabomba mawili, moja ndani ya jingine. Maji masafi yanashuka kwa njia moja, maji ya chumvi yanapanda kwa nyingine. Shimo linakua taratibu kuzunguka kisima chako wewe, si kisima cha jirani. Juu ya maji unaelea mafuta ya dizeli au gesi ya naitrojeni, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi, ili maji yasiguse dari. Dari ikilindwa, unaamua mwenyewe pango liwe pana wapi na jembamba wapi. Kisha unashusha chombo kinachopiga sauti na kusikiliza mwangwi, kama popo, na kinakuchorea umbo la shimo ambalo hakuna binadamu atakayeliona kwa macho.

Si kazi ya wiki mbili. Kuyeyusha mita moja ya ujazo ya chumvi kunataka mita saba au nane za maji. Pango la mita za ujazo 300,000 linakunywa maji ya kujaza mabwawa ya kuogelea ya Olimpiki zaidi ya 800, na maji yote ya chumvi yanayotoka lazima uyapeleke mahali, ama viwanda vya kemikali ama baharini. Miaka miwili, mitatu inapita.

Sasa nani alifikiria kuweka kitu ndani ya shimo hilo? Kanada ilikuwa inahifadhi mafuta na gesi kwenye chumvi tangu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Gesi asilia iliingia kwenye pango la chumvi huko Marysville, Michigan, mwaka 1961, na mwaka 1963 huko Melville, Saskatchewan, likachongwa pango lililokusudiwa gesi tangu mwanzo. Sababu ni tabia ya chumvi yenyewe. Haipitishi gesi karibu kabisa. Ukiipasua kwa ufa mdogo, baada ya muda ufa unajifunga wenyewe. Hakuna tangi la chuma linalojitibu namna hiyo.

Lakini ngoja kwanza. Kinachoiwezesha chumvi kujifunga ndicho kinachotaka kulifunga pango lako.

Chukua donge la unga wa chapati. Tia kidole katikati, kitoe, liache mezani. Mwanzoni tundu linaonekana safi. Rudi baada ya nusu saa: limejaa. Chumvi iliyobanwa na uzito wa miamba iliyo juu yake hufanya vivyo hivyo, kwa mwendo wa polepole mno. Inatambaa. Walioko Muscat wanaweza kuuona mwisho wa safari hiyo kwa macho: katikati ya jangwa la Oman kuna kuba za chumvi, Qarat Kibrit ni moja wapo, ambapo chumvi yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500 imepanda kutoka kilomita nyingi chini, ikapenya miamba yote, ikatokeza juani. Haikusukumwa na mtu. Ni nyepesi kuliko miamba iliyoifunika, ina joto, ina muda.

Kwetu sisi wa majengo, nguzo ikisogea ni kasoro na simu zinaanza kupigwa. Kwenye chumvi kusogea ndiyo hali ya kawaida, na swali ni kasi gani. Kwenye kina cha kilomita moja, mwamba unabana kwa presha ya karibu mara 220 ya hewa tunayovuta. Kinachozuia pango lisizibe si ukuta. Ni kile kilichomo ndani kinachosukuma kwenda nje. Pango lililojaa mafuta au maji ya chumvi lina mzigo mzito wa kusukuma nao. Pango la gesi, ukishaitoa gesi uiuze, limebaki na nguvu kidogo tu, na chumvi inajua.

Eminence, Mississippi, walijifunza hivyo kwa hasara. Pango la kwanza lilianza kazi mwaka 1970, zaidi ya kilomita moja na nusu chini, ambako chumvi ni ya moto na kwa hiyo ni laini zaidi. Presha ilishushwa sana kila walipotoa gesi. Ndani ya miaka miwili hivi pango lilikuwa limepoteza karibu asilimia 40 ya ukubwa wake, na sakafu ilikuwa imepanda makumi ya mita. Hakuna kilicholipuka, hakuna aliyesikia kitu. Shimo tu, linapungua. Huko Tersanne, Ufaransa, pango moja la miaka hiyo hiyo lilipoteza kama theluthi moja katika muongo mmoja.

Kutokana na hayo zikapatikana sheria mbili za presha ambazo kila mbunifu wa mapango anaanza nazo. Usishuke chini ya kiwango fulani, maana pango litazibika au vipande vya ukuta vitabanduka. Na usipande kupita kiasi, maana ukikaribia uzito wa mwamba utaipasua chumvi kwa nguvu na gesi itatafuta njia. Kwa kawaida kikomo cha juu huwekwa kama asilimia 80 ya uzito wa mwamba pale saruji ya bomba inapoishia. Umbo nalo lina maneno yake: dari ya mviringo hubeba, dari bapa huanguka. Kati ya pango na pango lazima ibaki chumvi nene, yaani nguzo zile zile walizozinyima watu wa Northwich.

Na kati ya pango na ukingo wa chumvi je? Hili Louisiana wamelilipia mara mbili. Bayou Choctaw, mwaka 1954, pango la kutoa maji ya chumvi lililikula dari lake lote likaporomoka, na pale juu sasa kuna ziwa. Bado lipo, katikati ya eneo ambalo serikali ya Marekani baadaye ililichagua kuweka sehemu ya akiba yake ya mafuta, ile iliyoanzishwa mwaka 1975 baada ya Waarabu kufunga bomba mwaka 1973. Mapango ya akiba hiyo ni marefu kwenda chini, mengi yanazidi mita 600, na ukiniuliza, kuyaweka karibu na ziwa hilo ni ama ujasiri ama ukumbusho mzuri sana kazini.

Mara ya pili ilikuwa Bayou Corne, Agosti 2012. Pango la zamani la maji ya chumvi, lililokwisha kufungwa, lilikuwa limechongwa karibu mno na upande wa nje wa kuba. Ubavu ukatoboka, miamba laini ya nje ikamiminika ndani, na juu ya ardhi likafunguka shimo lililomeza miti mizima wima na kukua mpaka kupita ekari 25. Gesi ikaanza kutoka kwa mapovu kwenye vijito. Watu wapatao 350 waliambiwa wahame, na wengi hawakurudi kamwe. Kuba ya chumvi haina ukingo ulionyooka kama ukuta wa bafu. Kama ramani ya ukingo imechorwa kwa kukisia, hesabu zote nzuri za nguzo na presha zinasimama juu ya kisio hilo.

Halafu kuna Hutchinson, Kansas, ambako chumvi haikukosa kitu. Januari 2001 gesi ilivuja kutoka kwenye bomba la chuma la kisima kimoja cha mapango yaliyo nje ya mji, mita nyingi juu ya pango lenyewe. Kisima hicho kilikuwa kimezibwa miaka ya nyuma kisha kikazibuliwa. Gesi ikatambaa kwenye tabaka la mwamba wenye nyufa kama kilomita 11, ikafika chini ya mji, na huko ikakuta visima vya chumvi vya zamani ambavyo watu walishavisahau, vimefukiwa chini ya majengo. Ikapanda kupitia humo. Tarehe 17 maduka ya katikati ya mji yalilipuka, siku iliyofuata nyumba nyingine, na watu wawili wakafa. Mimi hii ndiyo inayonikaa rohoni zaidi, kwa sababu visima vile vilichimbwa na watu waliotaka chumvi ya kawaida tu, na hakuna aliyeandika vizuri vilipo.

Ubaya umetosha. Huntorf, kaskazini mwa Ujerumani, kuna mapango mawili yenye jumla ya mita za ujazo 310,000, kati ya mita 650 na 800 chini. Tangu mwaka 1978 yanafanya kazi tuliyoianzia: umeme ukiwa mwingi, kompresa zinasukuma hewa ndani, umeme ukihitajika, hewa inatoka na kuzungusha mtambo, ulioanza na megawati 290, kwa saa mbili tatu. (Hewa hiyo hupashwa moto kwa kuchoma gesi kwanza, kwa hiyo si safi kama matangazo yanavyopenda kusema.) Presha inachezeshwa kati ya mara 43 na 70 ya hewa ya kawaida, haiachwi ishuke ovyo. Walipopima kwa mwangwi baada ya miaka zaidi ya 20, umbo la mapango lilikuwa karibu lile lile. Wamarekani walijenga la kwao McIntosh, Alabama, mwaka 1991. Kwa muda mrefu duniani yalikuwa hayo mawili tu ya namna hiyo yenye ukubwa wa maana.

Mjadala wa sasa ni haidrojeni. Unachukua umeme wa upepo, unapasua maji, unapata haidrojeni, unaificha kwenye chumvi mpaka wiki ile ya Januari ambayo hakuna upepo wala jua. Ripoti ya Royal Society ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba Uingereza inaweza kuhitaji akiba ya haidrojeni ya hadi terawati-saa 100 ifikapo 2050, na ikasema chumvi ya kutosha ipo: Yorkshire ya mashariki, Wessex, na Cheshire yetu ile ile. Si jambo geni kabisa. Teesside wana mapango matatu ya haidrojeni, mita za ujazo 70,000 kila moja, tangu mwaka 1972.

Ila angalia yanavyofanya kazi. Teesside, haidrojeni ikitoka, maji ya chumvi yanaingia kuchukua nafasi yake, kwa hiyo presha inabaki ile ile miaka nenda miaka rudi. Mapango yanayopangwa kwa ajili ya upepo yatapanda na kushuka kufuata hali ya hewa, pengine mara nyingi kwa mwezi. Gesi ikitoka haraka pango linapoa, ikiingia haraka linapata joto, na ukuta wa chumvi unavutwa na kubanwa kila mara. Nusu karne ya rekodi safi ya Teesside ni rekodi ya maisha tofauti, na sipendi inapotolewa kama jibu la kila swali.

Wakazi wa Preesall, Lancashire, walilijua hilo bila digrii. Kwao kulikuwa na kisima cha chumvi cha zamani na ardhi iliyowahi kutitia, na ulipokuja mpango wa kuhifadhi gesi waliupinga kwa miaka. Serikali ilikataa mwaka 2013, ikakubali mwaka 2015. Ni rahisi kuwaita watu wa "si uani kwangu". Lakini nimeona maswali ya namna yao, na moja lina uzito kuliko mengine: pango likishastaafu, nani atalichunga?

Maana halistaafu kweli. Ukitoa gesi ukalijaza maji ya chumvi na kuziba kisima kwa saruji, maji yale yanaanza kupata joto la ardhi na kutanuka, huku chumvi inaendelea kutambaa na kuyabana. Presha inapanda yenyewe, polepole, inaweza kufikia uzito wa mwamba. Wengine wanashauri kisima kiachwe wazi miaka mingi kwanza ili maji yapashe joto, halafu ndipo kizibwe. Hiyo ni miaka ya kulipa walinzi na vipimo kwa shimo ambalo haliingizi hata senti. Sheria ya 1891 ilitoza galoni zilizokuwa zinavutwa. Pampu zikinyamaza, hakuna cha kutoza. Leseni za mapango mapya zinaandikwa sasa hivi, na ukurasa unaosema nani analipa baada ya gesi ya mwisho ndio ambao ningewaomba mlioko Cheshire na Yorkshire muusome kwanza kwenye vikao vya halmashauri zenu.